Siku Mzee Masanja anaaga ngoma, watazamaji wakakimbilia rashi

Wakuu, salaam kwenu mlioamka vizuri, na nyie mliolala na viatu kama mimi.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, na najua kuna waliokuwepo wamo humu. Nikikosea wanisahihishe. Nikirukaruka mnivumilie, mwili umechoka.

Mimi nina kibanda cha vipuri vya pikipiki hapa Ushirombo. Kwa bahati mbaya ni katibu wa kamati ya ngoma kijijini kwetu pia. Kila mwaka baada ya mavuno ni mimi wa kutafuta spika, kufuatilia kibali, kuleta maji, na kuamua ugomvi wa watu wazima wanaogombania upande wenye kivuli.

Hakuna anayesema asante. Ila twende.

Kwa wasiojua ngoma za kwetu Usukumani: makundi mawili, Bagika na Bagalu, yanacheza muda mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Jaji hakuna. Watazamaji ndio wanaamua kwa miguu yao. Upande uliojaza watu umeshinda.

Manju wa Bagika, yaani yule anayetunga na kuongoza nyimbo, ni Mzee Masanja. Wa Bagalu ni Mzee Limbu.

Hao wawili wametukanana kwa nyimbo tangu mimi sijaota meno. Wakikutana mnadani, mmoja anageuka kuangalia ng'ombe ili asisalimie.

Sasa mwaka huu Mzee Masanja akasema anaaga. Ujana wake wote alichimba dhahabu, na vumbi la mashimoni limemkaa kifuani. Akitembea kidogo tu lazima asimame avute pumzi. Wanawe walishamkataza kuimba.

Alinifuata kibandani akaniambia, "Katibu, niwekee siku hii moja. Nikishaimba hapo, naacha."

Nilihangaika wakuu. Nilitaka mzee aage watu wakiwepo.

Na kweli walikuja. Uwanja ulijaa, akina mama wamevaa vitenge vya sare, vijana wa machimboni nao wamepumzika siku hiyo. Upande wa Masanja ndio uliokuwa na watu zaidi. Nikasema moyoni, angalau leo sijasumbuka bure.

Ndipo ikaja bodaboda moja mbio, jamaa hata hajazima pikipiki, anapiga kelele: "Kumetema! Kule mlimani kumetema dhahabu!"

Mnaoishi ukanda huu mnajua rashi. Dhahabu ikionekana mahali, dunia yote inahamia huko na sururu.

Sijawahi kuona uwanja unakauka vile. Watu walipanda bodaboda wanne wanne. Wauza vitumbua walibeba mabeseni wakawafuata wateja. Nilishika kipaza sauti nikaomba, jamani, mzee anaaga, subirini kidogo. Nilikuwa naongea na vumbi.

Kibaya zaidi, wapiga ngoma wa Masanja ni vijana. Wote waliondoka. Ngoma zimelala chini, mzee amesimama katikati na manyoya yake kichwani.

Akakaa juu ya ngoma moja.

Upande wa pili, Limbu alibakiwa na wapiga ngoma wake kwa sababu ni wazee wenzake, hawana miguu ya kukimbilia rashi. Kwa sheria yetu ameshinda. Nilijua anakuja kujitapa, na nguvu za kuamua ugomvi sikuwa nazo.

Akavuka uwanja na watu wake.

"Baba Kulwa," akamwambia Masanja kwa jina la mwanawe, "simama uimbe."

"Naimba na nani? Huoni?"

"Nimekuletea hawa."

"Mimi niimbe kwa ngoma za Bagalu?"

"Ngozi ni ya ng'ombe tu, haina kundi. Imba."

Masanja akarekebisha manyoya kichwani. "Wimbo niliouandaa ni ule wa zamani, wa kukutukana wewe."

"Najua. Sasa unadhani nimekuja kufanya nini?"

Wakuu, akina mama waliobaki walicheka mpaka wakashikana mabega. Ngoma zikaanza. Mzee akasimama.

Wimbo ni wa Kisukuma, nawapa kwa Kiswahili: Limbu alienda Kahama akanunua baiskeli, kuendesha hajui, akaikokota kwa miguu njia nzima hadi nyumbani.

Sauti ilikuwa ileile ya zamani. Nilisahau uchovu kidogo.

Halafu kifua kikamkatalia. Alikohoa, akajaribu tena, akashika magoti. Mstari wa mwisho ndio wenye utamu wote, na hakuweza kuufikisha. Wapiga ngoma wakapunguza mkono, kila mtu ametazama chini.

Limbu ndiye aliyeupokea. Akaimba mwenyewe, kwa sauti kubwa, amefumba macho: "Alipofika karibu na kwa mkewe, ndipo akapanda, akapiga kengele!"

Masanja alicheka na kukohoa kwa pamoja. Machozi yalimtoka, sijui ni ya kipi kati ya hivyo viwili.

Hawakukumbatiana wala nini. Limbu alimpa maji, wakakaa kwenye ngoma moja, migongo imegusana.

Kesho yake vijana walirudi wamejaa tope, wengi mikono mitupu. Wakaniuliza nani alishinda. Nikawaambia wawaulize waliobaki.

Nilichojifunza: mimi miaka yote nahangaikia watu wajae, na aliyekuwa anamsikiliza Masanja kuliko wote alikuwa upande wa pili wa uwanja. Maneno yote alikuwa nayo kichwani.

Barua ya kuacha ukatibu sijaiandika bado. Uchovu upo palepale.

Huko kwenu vijana bado wanabaki ngoma ikilia? Mwenye la kumwambia Mzee Masanja aliweke hapa, nitaenda kumsomea. Mimi nalala kwanza.