Mipira Niliyomwinulia Nekesa

Nakumbuka siku moja ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa, mwanangu. Wanasema ya kale hayanuki. Wamedanganya! Haya yangu yananuka mpaka leo, na ninapokuona unafunga begi kwenda Nairobi kuchezea timu ya kampuni, voliboli iwe ndiyo kazi yako kama ilivyokuwa yangu, naona heri uyasikie kutoka kinywani mwangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kocha mmoja alikuja Kakamega mjini kutoka Nairobi kutafuta wasichana wawili wa kwenda naye. Sikia vizuri: wawili. Kwa hiyo usije ukanitetea kwamba mtu alikuwa anataka kuchukua nafasi yangu.

Mimi nilikuwa seta, yule anayemwinulia mwenzake mpira ili apige. Mpigaji wetu alikuwa Nekesa, mtoto wa wakulima wa miwa kule Matungu, mpole, miguu mirefu. Akiruka, ungeweza kuandaa chai kabla hajatua. Akipiga, uwanja mzima unaita, "Nekesa! Nekesa!" Nani aliwahi kuita jina la seta? Mpishi anatoka jasho jikoni, anayeshukuriwa ni aliyeleta sahani. Hilo liliniuma. Ulikuwa wivu, mwanangu, sina jina lingine la kuupa.

Basi siku hiyo, kocha akitazama mechi yetu, nikafanya jambo ambalo ni seta tu anaweza kulifanya asionekane. Wengine niliwainulia mipira mizuri kabisa. Wa Nekesa niliushusha kidogo, upana wa kiganja tu, nikausogeza karibu na wavu. Anaruka, anakuta mpira hauko pale alipoutarajia. Mara anaugonga wavuni, mara anaupiga kwenye mikono ya wapinzani unamrudia usoni. Watu wakaanza kucheka. Na kila alipokosa, unajua alifanya nini? Alinigeukia, akajigonga kifua, akasema, "Pole, Seta. Ni mimi."

Eti ni yeye! Nami nikamjibu, "Usijali," uso mkavu kabisa.

Mechi ilipoisha kocha aliandika jina langu na la msichana mwingine. Kuhusu Nekesa alisema huyu anaruka vizuri, lakini hana mikono ya mpira. Alisema mbele yetu sote, na Nekesa akainamisha kichwa.

Sasa, Kukhu wangu, yaani nyanya mzaa mama, alikuwa ametoka Butali kuja kunitazama, amevaa nguo yake ya kanisani. Voliboli hakuijua hata kidogo. Alidhani refa anakaa kwenye kile kiti cha juu kwa sababu ya cheo. Akanivuta kando.

"Mwana wanje, mbona ulimfanyia yule mtoto wa watu vile?"

"Nimemfanyia nini, Kukhu?"

"Hawa wote walikuwa wanaangalia mpira. Mimi mpira siujui, niliangalia mikono yako. Hii mikono ni mimi nilikuwa naioshanga ikiwa midogo. Wengine uliwapea. Huyu ulimnyima. Kocha bado yuko. Enda umwambie."

Nikatazama. Kocha alikuwa amesimama kando ya gari lake anakunywa soda. Hatua ishirini hivi. Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nikafunga, nikafungua, nikafunga tena, mpaka nikasikia gari limewaka.

Kukhu aligeuka akarudi zake Butali. Wala hakuja tena kunitazama nikicheza, ingawa nilicheza miaka kumi na minne, nikavaa jezi ya taifa, nikapanda ndege kwenda Tunis na Cairo. Watu wakiisifu mikono yangu, nilitamani kuificha.

Nilienda Matungu nywele zimeshaota mvi, Kukhu keshazikwa. Nekesa alinipokea kwa vigelegele. Akaita majirani waje wamwone rafiki yake aliyekuwa kwenye televisheni. Akanichinjia ingokho, yule kuku wa heshima yetu ya mgeni, mimi niliyemchinja yeye mchana kweupe! Obusuma, ugali wetu, ulipotengwa mezani nilishindwa hata kunawa. Nikamweleza yote, macho yangu yako sakafuni.

Nekesa akanisogezea sahani. Halafu akasema polepole, "Binti yangu alipendanga voliboli. Mwalimu wake alikuja hapa kuniomba. Nilikataa. Nilimwambia, sisi kwetu hatuna mikono ya mpira, utaenda kuchekwa bure." Akatazama nje kwenye miwa. "Sasa ako na watoto watatu."

Nikasema, "Nisamehe, dada."

Akasema, "Kula, chakula kinapoa."

Sikuwa na uso wa kumwomba tena. Nilikula nikilia. Miaka yote nilidhani nimemnyima mtu mmoja siku moja. Kumbe nilimnyima na mtoto ambaye hakuwa amezaliwa.

Mwanangu, nawe ni seta kama mimi; huko uendako utakutana na msichana anayekuzidi. Yupo, anakungoja, na hilo halina dawa. Mwinulie mpira pale anapoupenda, hata kama roho inakuwasha, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Usidhani kwa kuwa refa hakuona basi hakuna aliyeona. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, usingoje mvi kama mimi mjinga. Tembea zile hatua ishirini kabla gari halijawaka, jigonge kifua, useme, "Ni mimi." Nekesa aliyasema maneno hayo siku nzima naye hana kosa lolote. Mimi mwenye kosa yalinichukua karibu miaka thelathini.

Haya, lete mikono yako niishike. Nyasaye aibariki, aipe nguvu, iwainue wenzako wapate kupiga. Na ukiwa mzee kama mimi, uweze kuiweka mezani mbele ya mtu yeyote, unawe, ule bila kuona haya.