Nyumba ya Mama Huko Maskati

Kaka yangu alipopiga simu kutoka Maskati kutuambia amempatia mama nyumba ya kununua, nilikuwa jikoni napara samaki, na nikajua hapo hapo kwamba sitapumzika. Kaka ana maneno matamu. Hajatia mguu Pemba tangu tulipomzika baba, lakini kila jambo la nyumba yetu hapa Madungu analiamua yeye, kwa simu. Mimi ninayeishi na mama kazi yangu ni kuitikia.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kampuni moja inajenga fleti za watalii karibu na ufukwe. Mama anunue moja, kisha kampuni hiyo hiyo igeuke mpangaji wake kwa miaka kumi: itie wageni wake humo, imlipe mama kodi kila mwezi, wageni waje wasije. Miaka ikiisha, mama akabidhiwe funguo. Na pesa za kununulia? Zitoke kwenye shamba la mikarafuu upande wa Chokocho, urithi wa mama kutoka kwa baba yake, kitu pekee alicho nacho ambacho ni chake mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja wa Mkoani alikuwa analimezea mate siku nyingi.

Nilipandwa na hasira. Nikamuuliza kaka: kampuni ikifilisika, nani atalipa hiyo kodi? Bomba likipasuka, viyoyozi vikifa, fundi analipwa na nani, mwenye nyumba au mpangaji? Na hiyo kodi ya uhakika inatoka kwa wageni kweli, au tumepandishiwa bei ili turudishiwe pesa yetu wenyewe kidogo kidogo, na sisi tushukuru? Tukidhulumiwa, kesi iko huko kwao. Nani katika sisi atapanda ndege kwenda kudai?

Kaka akacheka. "Wewe ushazoea kupima karafuu kwa pishi. Haya mambo makubwa, mdogo wangu."

Mama naye, badala ya kunisikiliza, akavaa buibui akaenda kwa Shehe wa msikiti wetu. Hapo ndipo ninapotaka kulia kwa hasira hadi leo, maana huu ndio ugonjwa wetu. Tukitaka kununua kitu hatuulizi kama ni kizima, tunauliza kama ni halali. Shehe alimuuliza kama mna riba ndani yake, mama akasema hamna, ni kodi tu. Akamuuliza kama kodi inajulikana na muda unajulikana. Vinajulikana. Basi, akasema, kodi ni halali. Kufika magharibi mtaa mzima umejua kwamba Shehe kaipitisha nyumba ya Maskati, na majirani wanakuja kutoa mkono wa heri. Mimi ninayesema ngojeni kwanza nikawa hasidi wa mama yangu mzazi.

Nikamfuata Shehe barazani kwake. Nilimsalimu kwa adabu, ingawa moyoni nilikuwa natokota.

"Shehe, mama anasema umemwambia anunue."

"Mie? Sikumwambia anunue. Kaniuliza halali, n'kamjibu halali."

"Na hatari yake?"

"Hatari hakuniuliza." Akanitazama kwa huruma. "Kununua nazi koroma nako halali, mwanangu. Ila tui hupati."

Nilimwomba aje amwambie mama maneno hayo hayo. Akasema inshallah, na mimi inshallah za namna ile nazijua. Nikarudi nyumbani nimejaa hasira pomoni.

Nikaamua kumweleza mama kwa lugha ya shamba. Tuliwahi kukodisha mikarafuu yetu msimu mmoja, akaja mtu akalipa mapema, akachuma, akatuvunjia matawi, akaondoka, na sisi tukabaki kuuguza miti. "Kampuni nayo ndiyo yule," nikamwambia. "Itachuma miaka kumi, kisha itakurejeshea magofu."

Mama akatikisa kichwa. "Yule hakunizuia kwenda shamba langu kuokota kuni."

"Na fleti hii, mama, unadhani utaingia?"

Akanishangaa. "Kwanambia nini? Nyumba n'nunue mie, n'siingie? Ramadhani hii, Mungu akipenda, n'tafunga huko na mwanangu. Wajukuu zangu hata harufu yangu hawaijui."

Kumbe wiki zote zile kaka alikuwa anasema kodi, mimi nasema hatari, Shehe anasema halali, na mama alikuwa anasikia nyumba. Nyumba karibu na mwanawe. Kwa hilo tu alikuwa tayari kuitoa mikarafuu ya baba yake.

Siku ya pili baada ya alasiri nilimpigia kaka kwa video, nikampa mama simu.

"Mwanangu, mie n'kija, n'talala wapi?"

"Mama, ile si ya kulala. Ile ya biashara. Labda siku chache kwa mwaka, wageni wakiwa hawapo. Tutaiomba kampuni."

"N'ombe ruhusa nyumbani kwangu?"

"Ndivyo mkataba ulivyo, mama. Lakini usijali, hoteli ziko tele huku. Nitakutafutia moja nzuri."

Mama akaivuta kanga begani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikingoja kaka aseme sentensi moja tu: utalala kwangu. Angeisema, Wallahi, ningemsamehe yote, hata shamba lingeuzwa nisingetia neno. Yeye akaanza tena habari za kodi na namna fleti zinavyopanda bei.

"Haya, baba," mama akasema. "Wasalimie watoto."

Akanirudishia simu, akaniambia nimpigie yule wa Mkoani nimwambie shamba haliuzwi. Nilimpigia mara moja. Nilikuwa nimeshinda, na nilitamani kuivunja simu ile ukutani.

Asubuhi nilipompelekea chai nilimkuta chumbani kwake, anatoa nguo begini na kuzirudisha kabatini, moja moja. Sikujua hata kwamba alikwisha kufunga begi la safari.