Chatu Ndani ya Shangazi Kaja

Mcheke polepole, maana mke wangu yuko hapo jikoni na habari hii anaijua nusu tu. Mimi niliwahi kulia mbele ya behewa zima la watu, machozi kabisa, mtu mzima mwenye duka lake Bariadi, na chanzo chake ni baiskeli.

Ile baiskeli yangu ya kukunja mnaifahamu. Wakati ule nilikuwa na kichaa chake: Jumapili nafunga duka, napanda basi hadi Malampaka, pale stesheni naikunja, naisokomeza kwenye mfuko mkubwa wa shangazi kaja (zipu haifungi yote, usukani unazuia), napanda treni hadi Malya, halafu narudi nikiendesha huku nakula upepo.

Siku hiyo treni ilijaa. Mfuko nimeuweka kitini pembeni yangu, naogopa mtu asije akaukalia akanipindia spoku, na mama mmoja mwenye kuku akaniuliza, "Baba, humo umebeba nini hata kinakalia kiti cha mtu?" Ningesema baiskeli yangeisha. Nikasema, "Nyoka wa ngoma, mayo." Kwetu hilo si ajabu, bayeye wanaocheza ngoma na nyoka husafiri nao kama nyie mnavyosafiri na watoto. Yule mama akahamisha kuku wake kwanza, kisha akahama yeye, na wengine wakamfuata. Nikanyoosha miguu. Niliona raha, siwafichi.

Sasa mjue kwamba mimi nyoka namwogopa kuliko kufa. Binamu yangu aliumwa kwenye pamba kule Zagayu, mimi ndiye niliyemshika mguu ukivimba, na mpaka leo kamba ikilala vibaya chini naizunguka.

Habari zikafika behewa la pili. Akaja mwanamume mrefu mwenye bangili za shaba, kakumbatia sanduku la mbao.

"Ng'wangaluka, mwenzangu. Nasikia na wewe ni wa kazi hii. Wa kwako nani?"

"Chatu," nikasema.

"Na wangu chatu. Hebu nishikie, naenda chooni."

Akaniwekea sanduku mapajani, akaondoka. Ndani uzito ukahama taratibu kutoka goti hili kwenda goti lile. Nilitaka kusema ukweli, ila behewa zima lilikuwa linanitazama kwa heshima, na heshima ya bure ni ngumu kuirudisha. Basi treni ikapiga breki, sanduku likateleza, kifuniko kikafunguka, na mimi nilipopata akili tena nilikuwa nimesimama juu ya kiti nimeng'ang'ania dirisha. Chini yangu chatu akatafuta giza, akaliona pale zipu ilipoachia, akaingia. Mkia wake niliuona ukimalizikia ndani ya mfuko wangu.

Watu hawakukimbia. Walirudi nyuma kidogo wakaningoja mimi, fundi.

"Mtoe basi, baba," yule mama akasema. "Si wataumizana na wa kwako?"

"Humo hamna nyoka."

"Tumemwona akiingia."

"Nasema wa kwangu hayumo. Humo kuna baiskeli."

Wakatazamana. Mama akaniuliza kwa upole, kama anaongea na mgonjwa, "Baiskeli inaingiaje kwenye mfuko, baba?"

"Inakunjwa," nikasema, na papo hapo kengele ikalia ndani ya mfuko. Ngri. Hakuna mkono wa mtu uliokuwa karibu nayo. Ndipo nilipoanza kulia.

Mwenye nyoka alirudi, akafungua zipu yote, na uso wake ukabadilika. Chatu alikuwa amejisokota katikati ya fremu, pale chuma kinapojikunja juu ya chuma, na kila mara treni ilipotikisika vile vyuma vilimbana.

"Atakufa," akasema, na sauti yake ilitetemeka kuliko yangu. "Huyu ndiye anayelisha wanangu. Kichwa nimeshika, wewe fungua. Mimi vyuma vyako sivijui."

Komeo lilikuwa chini ya tumbo la chatu. Sijui nilishukaje kitini. Nilifumba macho nikapitisha mkono, ngozi yake baridi ikawa inasogea juu ya kiganja changu, inapumua, na vidole havisikii, nikawa napapasa huku nataja majina ya watoto wangu wote. Komeo likaachia. Baiskeli ikafunguka, na mwenye nyoka akamvuta mnyama wake akiwa hai. Nilipofumbua macho watu walikuwa wanatazama suruali yangu, nami nikatazama: imelowa.

Yule bwana hakunitukana. Alimrudisha chatu sandukuni, akalifunga, akaenda kukaa mbali nami. Hilo liliniuma kuliko suruali.

Malya nilishuka nikaenda kwa miguu nikisukuma baiskeli, sikuthubutu kuikalia, na sasa mtu akiniuliza nimebeba nini, hata kama ni mchicha, nafungua nionyeshe. Baiskeli iko pale dukani. Nikienda Ngulyati naipanda tangu mlangoni, haijakunjwa tena tangu siku ile, na kengele yake nimeing'oa.