Jina la Dada Kwenye Ukurasa wa Mama

Mimi uchafu unanipandisha hasira, hata ule nilioufanya mwenyewe. Tovuti ya kikundi cha akina mama wa kijijini kwetu Segese niliitengeneza nikiwa bado najifunza, na nilipoifungua tena mwaka huu, chumbani kwangu huku mjini, Kalangalala, nilisonya. Kila ukurasa ulikuwa na salamu yake, na jina la kila mama nimelichomeka kwa mkono kama alivyonitajia. Jamani, kazi gani hii!

Nikasafisha. Salamu zote nikazifuta, nikaandika kiolezo kimoja: "Karibu, Mama", kisha nafasi wazi ambayo mfumo unaijaza wenyewe kwa jina la mtoto wa kwanza kwenye fomu ya uanachama. Fomu inauliza watoto walio hai.

Nilipojaribu ukurasa wa mayu, yaani mama yangu mzazi, likatokea jina langu. Tangu nizaliwe, Segese nzima inamwita kwa jina la dada yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa, hata kutembea alikuwa hajaanza. Nilijua kabisa kwamba nimekosea. Nikaacha vilevile. Niseme ukweli: nilifurahi.

Kesho yake asubuhi akapiga simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza:

"Nimefungua ule ukurasa. Huyu aliyeandikwa hapa ni nani?"

"Ni wewe, mayu. Kwani mimi si mwanao?"

"Ni mwanangu. Na dada yako umempeleka wapi?"

Nilianza kueleza habari za mfumo na fomu, nikaishia njiani. Nikasema tu, "Siku zote nilitamani na wewe uitwe kwa jina langu."

Nilidhani atanifokea. Akacheka kidogo, kile kicheko alichokuwa akinibembelezea nikiwa mdogo. "Mjinga wewe! Wewe unaitwa kutwa nzima, na watu hata nisiowajua. Yeye akiitwa, ni mimi naitika."

Nililia, wala sioni aibu kusema. Nikakirudia kile kiolezo. Sasa ile nafasi inajazwa kwa jina ambalo mama mwenyewe amesema aitwe, na kiolezo bado ni kimoja, bado kisafi.

Nikampigia ili afungue tena. Alipopokea, kwa mara ya kwanza maishani nikamwita kama Segese wanavyomwita, Mama na jina la dada.

"Abee," akaitika.