Asubuhi Mzinga wa Pili Uliponyamaza

Nina kaduka ka kuchapa hapa Bujumbura: meza mbili, kompyuta moja, na mashine ya fotokopi inayogoma kila mvua ikinyesha. Watu huniletea barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, kazi za wanafunzi wa chuo. Wiki chache zilizopita dereva wa basi la Rumonge aliniletea bahasha iliyofungwa kwa uzi wa nyavu. Ndani mlikuwa na daftari, na kwenye jalada mwandiko ule ule ulionifundisha kuandika: historia ya kikosi cha akiba cha mizinga cha Rumonge, imeandikwa na Mwalimu. Aliomba niichape vizuri, niitie jalada gumu, maana wenzake waliobaki walitaka kila mmoja awe na yake kabla hawajaondoka duniani.

Nilifurahi, nakwambia kweli. Nilifunga mlango wa duka mapema nikakaa kuisoma, na harufu ya nyumbani ikanijia puani: mawese yanayochemka kwenye mapipa, ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliotandazwa mchangani, matope ya barabara ya Minago baada ya mvua. Baba yangu alikuwa mtu wa Akiba. Hivyo ndivyo tulivyokiita kikosi kile, Akiba tu, na mtu akisema fulani ni wa Akiba, hata wauza samaki sokoni walimpunguzia maneno kwa heshima.

Ngoja nikueleze wewe usiyewajua. Hawakuwa askari wa kudumu. Walikuwa wavuvi, wakamuaji wa mawese, fundi baiskeli mmoja, fundi cherehani mmoja, na Mwalimu. Walikuwa wamefundishwa mizinga ili siku hatari ikitokea upande wa ziwa, jeshi lisianze kutafuta watu wanaojua kazi. Mizinga yenyewe ilikuwa minne, imekaa juu ya kilima nyuma ya mji, imefunikwa maturubai ya kijani. Kila mzinga ulikuwa na watu sita, na kila mtu na kazi yake. Baba alikuwa mlengaji wa mzinga wa pili, yule anayeweka jicho kwenye kioo na kuzungusha vigurudumu mpaka mdomo wa chuma uelekee panapotakiwa. Mwalimu alikaa pembeni yake na darubini na jedwali la hesabu, akimtajia umbali. Mzinga wa pili ndio uliotangulia kupiga, kama kipimo. Mingine mitatu ilifuata ikishaona kombora la kwanza limeangukia wapi.

Sasa, mazoezi yao yalifuata mwezi. Wavuvi wetu hutoka jioni na taa ili kuwavuta ndagala, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi. Kwa hiyo mwezi ukijaa, mitumbwi hupumzika karibu wiki nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki ya Akiba. Wavuvi wako nyumbani, wanaweza kupanda kilimani, na asubuhi ziwa halina mtu anayerudi, hivyo unaweza kupiga kombora kwenye pipa linaloelea bila kumdhuru yeyote. Hakuna aliyepita vijijini kutangaza. Mwezi wenyewe ulitangaza, na kila mtu kando ya ziwa alijua kuusoma.

Wiki ile ilikuwa sikukuu yetu ndogo. Mama aliishona suruali ya baba ya kaki mahali ilipochanika, akaipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe. Samaki wabichi hawakuwepo, tulikula ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuungwa kwa mawese, na ndagala wakavu wa kutafuna pembeni. Asubuhi ya kupiga mizinga, wake na watoto tulikaa chini ya kilima na chupa za uji. Tuliziba masikio kwa vidole tukahesabu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ardhi ilitetemeka chini ya makalio yetu na maji yakaruka juu huko mbali, meupe. Jirani yetu mmoja, bibi mkali asiyependa kelele za watoto, alikuwa akicheka hadi machozi kila mzinga ulipolia.

Mwaka nilioanza darasa la tano, kamanda alitangaza kwamba mgeni mkubwa kutoka mji mkuu atakuja kutazama. Mgeni akachelewa siku ya kwanza. Akachelewa ya pili, na ya tatu. Siku ya nne ndipo alipofika, na kamanda akasema mizinga italia kesho yake jua likichomoza, kama kawaida. Lakini mwezi haukuwa umemsubiri mgeni. Ulikuwa umeanza kuchelewa kutoka, giza la jioni lilikuwa limerudi, na wavuvi wasio wa Akiba walikuwa tayari wametoka na taa zao. Baba alimwambia kamanda hivyo. Alijibiwa kwamba mgeni hakufunga safari kuja kusikiliza habari za ndagala.

Asubuhi ile tulikaa chini ya kilima vidole masikioni. Tukangoja. Nakumbuka vidole vilichoka, nikavitoa, nikavirudisha kwa woga. Hakuna kilicholia. Baadaye sana tuliona mitumbwi ikiingia ufukweni mmoja mmoja, wanaume wakishusha vikapu na kupiga soga, hawana habari.

Huko juu, baba alikuwa ameiona mitumbwi ile kwenye kioo chake, ikipita karibu na pipa. Aliambiwa apige. Akakifungua kile kioo, akakitia mfukoni, akaketi juu ya sanduku la makombora. Bila mlengaji mzinga wa pili ulinyamaza, na bila wa pili yote ilinyamaza. Mgeni alipanda gari akaondoka.

Mchana wa siku ile waliitwa mmoja mmoja mbele ya kamanda. Swali lilikuwa moja: uliona mitumbwi kwenye eneo la kupigia? Wenzake wanne wa mzinga ule walisema hapana. Wa mwisho kuitwa alikuwa Mwalimu, mwenye darubini. Alisema ziwa lilikuwa tupu. Wavuvi hawakuulizwa, na nani angejipeleka mwenyewe mbele ya wenye bunduki? Baba alivuliwa sare pale pale, akateremka kilima kwa kaptura ya ndani na fulana, mchana kweupe, akapita katikati ya soko hadi nyumbani. Mama alimfunika kwa kitenge chake mlangoni.

Toka siku ile alikuwa mwoga. Hivyo tu. Mtu aliyeogopa kishindo cha mzinga wake mwenyewe mbele ya mgeni. Mabaharia wa mtumbwi wake walimtafutia sababu hadi akaacha kutoka nao, akaishia kukamua mawese ya watu. Shuleni waliniuliza kama nyumbani kwetu tunaruhusiwa kupiga chafya. Mimi nilimlilia baba kwa nini marafiki zake walisema uongo. Alinijibu kwamba hawakusema uongo, kulikuwa na ukungu, wao hawakuona. Alinieleza hivyo mara nyingi mno, na nikaamini. Alikufa nikiamini, na pengine nilihitaji kuamini, kwa sababu nilimpenda Mwalimu.

Nilimpenda kwelikweli. Ni yeye aliyenishika mkono nikaandika herufi za kwanza. Na baba, hata baada ya aibu ile, alitulazimisha tukikutana naye njiani tusimame, tutoe mkono wa kulia na wa kushoto tushike kiwiko, tumsalimu kama mkubwa wetu. Mwalimu alipokea mkono bila kututazama usoni. Nikadhani ni huzuni.

Basi nikafika ukurasa wa asubuhi ile kwenye daftari. Ameandika kwamba mzinga wa pili haukupiga kwa sababu ya hitilafu ya chuma. Chini yake ameorodhesha watu sita wa mzinga ule. Mlengaji ni fundi cherehani. Baba hayupo. Si mwoga tena, si chochote, hakuwahi kupanda kilima kile. Nilisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Asubuhi yake nikapanda basi.

Nilimkuta kwenye baraza lake, mzee, miguu imevimba, lakini macho mazima. Mke wake alituletea chai na mihogo ya kuchemsha. Niliweka daftari mezani nikamuuliza mlengaji wa mzinga wa pili alikuwa nani. Alisema ameandika hivyo ili jina la baba lisitajwe na ile aibu. Nikamwambia aibu ipi, wakati kulikuwa na ukungu na ninyi hamkuona.

"Ukungu gani, mutoto wangu?" alisema. "Asubuhi ile ziwa lilikuwa linang'aa. Niliona mitumbwi saba. Ule wa mbele ulikuwa wa mudogo wangu."

Aliendelea mwenyewe, polepole, kama anayesomesha. Kamanda alikuwa amewaambia kwamba atakayesema ameona mitumbwi atateremka kilima pamoja na baba. Yeye alikuwa na kazi ya serikali, na watoto wadogo. Baba alikwisha kuharibikiwa, wangeongeza nini? Wakakubaliana wote watano, nyuma ya maturubai.

"Basi iandike, Mwalimu. Nitaichapa mimi mwenyewe."

"Tumebaki watu wane tu. Tuache tuzeeke na amani."

"Baba hakuzeeka na amani."

Alikuwa akilisogeza daftari upande wangu pale mdogo wake alipoingia uani na samaki wawili wakubwa, mikeke ya ziwani, wametungwa kwenye ujiti. Mzee mchangamfu, bado anaingia ziwani. Aliniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia. Akapiga makofi kwa furaha ya kunikumbuka.

"Wa yule aliyeogopa muzinga! Mungu amurehemu, tulimucheka sana siku zile."

Nilimgeukia Mwalimu. Nilimpa nafasi. Nilimpa muda wa mtu kufungua mdomo, kusafisha koo, hata kulia kama angetaka. Mdogo wake alikuwa amesimama mbele yake, hai, mvi kichwani, wajukuu nyumbani, samaki mkononi. Mwalimu aliinua birika akamwambia akae, chai iko moto bado.

Nililiacha daftari mezani nikaondoka. Nilipoaga, mkono wangu ulitoka wenyewe, wa kushoto ukashika kiwiko. Niliona nimeshachelewa kuurudisha.

Kilimani sasa wamelima muhogo, mizinga ilichukuliwa zamani na hakuna anayejua iko wapi. Wavuvi wana injini na taa za betri, na watoto wa leo hawajui kwamba mwezi ukijaa palikuwa na wiki ya kula sombe na kuziba masikio. Vimekwenda, na sina ugomvi navyo, kila kitu huondoka. Baba pia ameondoka, na kila nikimkumbuka nampata. Ila yule mwalimu aliyenishika mkono nikaandika jina langu, huyo simpati tena, na bado yu hai, anakunywa chai na ndugu yake.