Bochaberi na Saa ya Chesi Jioni ya Sabato

Hii hakuna atakayeiamini. Wa kwanza kuikataa alikuwa dereva wa tuktuk wa Migori ambaye huamini kila kitu, hata ahadi za kampeni. Basi ikatae ukiwa umeketi: kuna mama muuza mitumba aliyecheza fainali ya chesi huku jua lenyewe likiwa upande wa adui.

Jina lake Bochaberi. Wazazi wake walitoka Nyamira kwa Wakisii, Wasabato wa kufua viatu Alhamisi ili visije vikachelewa kukauka. Wakahamia Migori, na huko ndiko alikokulia na kurithi kibanda cha mama yake, cha sweta na nguo za watoto. Kila Ijumaa, jua likiwa bado lina nguvu zake, anafunika kibanda kwa turubai hata kama umeshika sweta mkononi.

"Si nilipe tu niende?" mteja anauliza.

"Rudi Jumapili. Itakungoja."

Wateja wake Wajaluo wamezoea. Wanasema saa ya benki inaweza kukosea, turubai ya Bochaberi haikosei.

Chesi alifundishwa na mjomba wake, mtu mwenye akili nyingi na sura ya kupendeza, aliyemfundisha kila kitu isipokuwa jinsi farasi anavyotembea. Hayo ya farasi aliyapata kwa Omanga, fundi viatu wa kibanda cha jirani, ambaye pia ni refa wa mashindano. Na Omanga huyo ndiye aliyemletea habari za Reshevsky.

Reshevsky alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Poland. Akiwa mtoto wa miaka minane alikuwa akizunguka ukumbini akicheza na wazee wenye ndevu, meza nyingi kwa mpigo, akiwachapa. Akakulia Amerika, akawa bingwa wa huko mara kadhaa, na kazi yake ikiwa uhasibu tu kama watu wengine. Lakini Sabato hachezi. Mashindano yawe makubwa namna gani, Ijumaa jua likizama ameondoka, na harudi mezani mpaka la Jumamosi lizame. Tena alikuwa na ugonjwa mwingine: alifikiri sana mwanzoni hadi saa yake ikabaki na dakika za kuokota, halafu ndipo anacheza kama aliyemwagiwa maji ya moto, na anashinda.

"Na walimngoja?" Bochaberi aliuliza.

"Walimpangia."

"Basi na mimi watanipangia."

Miaka ikapita bila kumpangia. Mashindano ya huku yote ni Jumamosi. Yeye alicheza na wapita njia, akawa anawashinda huku anakunja nguo. Mpaka mwaka huu, timu ya kanda yetu ya kwenda Nairobi ilipotafutwa huko Homa Bay, mechi za mchujo zikawekwa Jumapili. Bochaberi akafagia watu. Ikabaki nafasi moja na watu wawili: yeye na Jacktone, fundi wa injini za boti kutoka Mbita, mtu wa maneno mengi anayegonga kete mezani kana kwamba anavunja mfupa. Fainali ikapangwa Jumamosi usiku, ndani ya ukumbi ulio juu kidogo ya ziwa.

Asubuhi ya siku hiyo kamati ya harusi ikadai ukumbi wake wa usiku. Fainali ikasogezwa hadi saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado linatazama watu.

Omanga alimjia barazani mwa ukumbi, uso umemshuka. "Dada, sheria siwezi kuikunja. Kila mtu ana saa moja yake. Wewe una nyeupe, wewe ndiye wa kuanza. Ikifika saa kumi na mbili naiwasha saa yako, uwepo usiwepo. Ikiisha, umepoteza."

"Washa," Bochaberi akasema, akabaki barazani.

Ndani, Jacktone akaketi mbele ya ubao ambao haujaguswa, soda mkononi. "Nyar Kisii," akaita kupitia dirishani kwa Kijaluo, yaani binti wa Kisii, "saa yako inakula vizuri. Hata haitafuni."

Watu wakacheka. Bochaberi alikuwa akitazama vilima vya upande wa Mbita, na jua juu yavyo likiwa jekundu na zito, halina haraka na mtu. Angeweza kuingia, asukume askari mmoja tu wa ubaoni, atoke. Nani angejua? Nusu ya saa yake ilikuwa imeshakwenda.

Halafu wingu likaja. Wingu pana la ziwani, likalimeza jua zima, na uwanja ukawa na giza la ghafla.

"Limezama," mtu fulani akasema. "Ingia, mama, ingia."

Bochaberi akageuka. Akafika mlangoni. Akaweka mguu mmoja kwenye kizingiti, akauona ubao, akaona saa yake inavyoshuka. Hapo ndipo mjomba wake aliyekuwa amemsindikiza, kwa hekima ya kuzaliwa nayo, alipomshika mkono na kumwambia angoje. Mguu ukarudi nje. Mama yake alikuwa akimwambia tangu utotoni kwamba Sabato haifungwi na wingu.

Na kweli, chini ya wingu jua likachungulia tena, kipande kama ukucha. Kikapungua. Kikaisha.

Unadhani alikimbia? Sabato hufungwa kwa wimbo na sala. Akasimama palepale akaimba ubeti mmoja, akaomba kwa kifupi, akasema amina. Ndipo akaingia. Robo saa haikubaki.

Jacktone alikuwa na saa yake karibu yote. Mtu mwenye akili angekaa atulie, afikiri. Yeye akaamua kumkimbiza. Bochaberi akicheza, Jacktone anajibu papo hapo, tap, anagonga saa. "Tembea, mama, tembea. Hapa si kwenye sweta." Mitumba ina jambo moja, lakini. Belo, lile furushi la nguo, likifunguliwa, wote hurukia nguo inayong'aa juu. Bochaberi huangalia mkono unaoruka umeacha nini nyuma.

Akamwona Jacktone anavyorukaruka. Akaona mfalme wake amebanwa pembeni na askari wake mwenyewe watatu, hana pa kupumulia, na malkia peke yake ndiye anayelinda ule mstari wa nyuma. Saa ya Bochaberi ikashuka, ikashuka tena. Akachukua ngome yake moja akaiweka mahali pa wazi kabisa, inang'aa, haina mlinzi.

Omanga akainama juu ya ubao.

"Asante," Jacktone akasema, na malkia wake akairukia ngome, tap.

Mlango wa nyuma ukabaki wazi. Bochaberi akateremsha ngome ya pili hadi mstari wa mwisho, polepole. Jacktone akanyoosha mkono kujibu. Mkono ukasimama hewani. Akamtazama mfalme wake, akawatazama wale askari watatu, kisha akamlaza mfalme mwenyewe, kukubali kushindwa.

"Nyar Kisii," akasema, taratibu sasa, "kumbe ulikuwa unanipimia nguo."

Hivyo ndivyo Bochaberi alivyopata nafasi ya Nairobi. Na saa yake, sikiliza, ilikuwa imebaki na sekunde moja, tena si nzima, nusu, na ukumbi wote ukambeba juu hadi ziwani, mjomba wake akiwa mbele, kwa sababu kila mtu alijua kwamba isingekuwa yeye kumshika mkono pale mlangoni na kumwambia kwa busara kwamba wingu si—

"Mjomba," Bochaberi akanikatiza, "zilibaki dakika mbili na kitu. Na aliyesema limezama, ingia, alikuwa nani?"