Gari la Kwenda Tu

Mama mkwe wa fundi cherehani alipovunjika nyonga, gari la wagonjwa la manispaa lilimfikisha hospitali bure, kwa kuwa jina lake lilikuwa katika orodha ya wasiojiweza. Siku ya tisa daktari akamruhusu. Fundi akapiga tena namba ileile aliyoitia gari siku ya kwanza, kuomba gari la kurudi nyumbani.

"Mgonjwa yuko wapi?" akaulizwa.

"Yuko hospitali."

"Sasa si ameshafika, dada?"

Fundi akakata simu. Akamsukuma mkwewe kwenye kitanda cha magurudumu hadi dirishani kwa karani wa magari ya wagonjwa. Karani akamweleza kwa upole kwamba fedha za manispaa ni za kubeba wagonjwa, na aliyeruhusiwa si mgonjwa tena.

"Lakini hata kukaa hawezi!"

"Pole, dada. Karatasi inasema ameruhusiwa."

"Mwanangu, kwani nimepona?" mkwewe akauliza.

Fundi akamvutia shuka hadi kifuani.

Dereva mmoja wa magari hayo aliyekuwa akisikiliza akachukua fomu, akaandika kwamba mgonjwa anahamishiwa zahanati ya mtaani kwao, akawapakia. Njia nzima fundi alimshika mkwewe mkono, asijue kama anasindikiza mgonjwa au mzima.